Kliniki ipi, dawa ipi: ulinganisho kwa mjamzito wa Dodoma

Kuhusu kituo cha afya, mjamzito ana maamuzi mawili ambayo watu wengi huyafanya kuwa moja: atahudhuria wapi kliniki mwezi hadi mwezi, na atajifungulia wapi. Zahanati ya kata inaweza kuwa jibu zuri la swali la kwanza na jibu baya la swali la pili. Uamuzi wa tatu huja bila kupangwa, usiku kichwa kikiuma au mgongo ukikaza: dawa ipi imezwe, ipi iachwe dukani.

Zahanati ya karibu au hospitali kubwa

Utaratibu wa sasa nchini unataka mahudhurio manane: la kwanza kabla ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua. Mama wa Hombolo akichagua Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile ambayo wengi tunaiita General, atahitaji nauli ya kwenda na kurudi mara nane na siku nane za kuacha shamba au genge. Wengi huanza na ari, wakaishia mara tatu. Mahudhurio manane ya zahanati yanayashinda matatu ya hospitali, kwa sababu kazi kubwa ya kliniki ni kulinganisha mwezi na mwezi. Presha ya 130/85 ukiiona peke yake haitishi. Kwa mama ambaye kadi yake inaonyesha 100/60 mwezi uliopita, ni habari nzito.

Zahanati iliyo sawa hupima presha, uzito, mkojo kwa kijiti (protini na sukari), wingi wa damu, VVU na kaswende kwa tone la damu ya kidole, na malaria kwa kipimo cha haraka. Hutoa chanjo ya pepopunda, SP (vidonge vya kukinga malaria), vidonge vya damu, dawa ya minyoo na chandarua. Haifanyi upasuaji, haiongezi damu, na mara nyingi haina utrasaundi.

Kinachoangusha zahanati mara nyingi ni vitendanishi (vifaa vya kupimia) kuisha, na mama huondoka bila kujua kwamba kipimo kimerukwa. Kabla ya kuinuka kwenye kiti, isome kadi yako. Nafasi ya wingi wa damu au ya mkojo ikiwa tupu, uliza kwa heshima: "Nesi, hiki leo hatujapima?" Ukiambiwa vifaa vimeisha, usisubiri mwezi ujao. Nenda ukapime kwenye kituo cha afya. Kwa walio mjini, Makole ni mfano. Majibu yaandikwe kwenye kadi hiyohiyo. Wingi wa damu chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni wa hatari na ni wa hospitali siku hiyohiyo. Presha ikifika 140/90, irudiwe baada ya kupumzika, na ikibaki hapo, kliniki ya zahanati haitoshi tena peke yake.

Kundi la damu hupimwa mara moja tu, lakini uliza na alama iliyo mbele yake. Mwenye hasi (kwa mfano O hasi) anaweza kuhitaji sindano ya kinga karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana chanya. Sindano hiyo ni ya kuulizia hospitalini mapema, kwa sababu si kila mahali inakaa kwenye friji.

Kliniki binafsi ina faida mbili za kweli: foleni fupi, na utrasaundi hapohapo. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: wanatoa SP? Wana chanjo ya pepopunda? Watajaza kadi ya kliniki ya serikali, au wana daftari lao tu? Jibu la mwisho likiwa daftari lao, chukua pia kadi kwenye kituo cha serikali, ambako kwa sera ya nchi huduma hizi za wajawazito hazilipiwi. Ukifika wodini usiku, mkunga asiyekujua anasoma kadi. Daftari la kliniki iliyofungwa saa kumi na mbili jioni halimsaidii.

Kuhusu utrasaundi: moja kabla ya wiki ya 24 inatosha kwa mimba isiyo na tatizo. Mapema ndiyo bora. Ndani ya miezi mitatu ya kwanza hukosea umri wa mimba kwa siku chache, takriban wiki moja. Miezi ya mwisho inaweza kukosea hadi wiki tatu. Mama aliyepimwa miezi minane kwa mara ya kwanza hubaki na tarehe ya kubahatisha, kisha wiki ya 41 inapofika hakuna anayejua kama kweli amepitiliza. Kulipia picha nne za "kumwona mtoto" huku wingi wa damu haujapimwa hata mara moja ni kutumia hela vibaya.

Wapo wanaochelewa kwa sababu wanaambiwa waje na mwenza, na mwenza hayupo, au yuko machimboni, au hataki. Nenda bila yeye. Kama kituo kinaomba barua ya serikali ya mtaa au kijiji, ichukue wiki hiyohiyo. Ni karatasi ya siku moja, na wiki za mwanzo hazirudi.

Pa kujifungulia

Mimba ya pili, ya tatu au ya nne isiyo na tatizo, mtoto ametanguliza kichwa wiki ya 36, damu 11 au zaidi, presha nzuri: zahanati yenye mkunga anayelala kituoni inaweza kufaa. Kwa wengine wote, hospitali au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Miongoni mwao ni hawa: aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua au kupoteza mtoto wakati wa uchungu, mwenye mapacha, mtoto aliyekaa matako au mlalo, presha, kisukari, selimundu, ugonjwa wa moyo, mwenye urefu chini ya sentimita 150, aliye chini ya miaka 20 kwenye mimba ya kwanza, na anayezaa kuanzia mara ya tano. Hao wa mwisho hujiamini kwa kuwa wameshazoea. Kumbe mfuko wa uzazi uliozaa mara nyingi huchelewa kujikaza baada ya mtoto kutoka, na hapo ndipo damu humwagika.

Neno "kituo cha afya" kwenye kibao halitoshi. Uliza maswali mawili: "Upasuaji mnafanya hadi usiku na Jumapili?" na "Damu ya kuongezea mnayo hapa, au mnaifuata?" Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayotenganisha kituo kimoja na kingine. Walio Chamwino wanayo hospitali ya misheni ya Mvumi. Mjini ipo General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa matatizo ya kibingwa, ambako wengi hufika kwa rufaa. Kondoa, Mpwapwa na Kongwa wana hospitali za wilaya.

Halafu kuna barabara. Mvua za Dodoma hunyesha takriban Desemba hadi Aprili, na korongo ambalo Oktoba ni mchanga mkavu hujaa maji kwa saa chache na kukata njia. Mama wa Bahi au Chemba ambaye tarehe yake inaangukia Januari, na yuko kwenye orodha ya hapo juu, asogee karibu na hospitali wiki ya 37 au 38, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama hospitali inayo. Usafiri wa dharura wa mpango wa m-mama huitwa kwa kupiga 115, bila malipo. Iandike nyuma ya kadi, na mwoneshe mtu mwingine nyumbani, kwa kuwa mwenye uchungu si yeye atakayepiga.

Damu ukeni, kichwa kikali kisichosikia dawa, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba ghafla, degedege, homa, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza: kwa hayo hakuna cha kulinganisha. Ni hospitali, saa hiyo.

Wapi pa kununua dawa

Famasi ina mfamasia na dawa nyingi. Duka la dawa muhimu lina muuzaji aliyepewa mafunzo na orodha fupi ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Kwa parasetamoli au maji ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini linatosha kabisa. Anayetembeza dawa mnadani au kuzipanga kwenye meza juani hana la kukusaidia hata kama dawa ni halisi. Vidonge vingi vimeandikwa vitunzwe chini ya nyuzi 30, na jua la Dodoma saa saba mchana hulipita hilo.

Dukani anza kwa kusema, "Nina mimba ya miezi minne," kabla ya kutaja kinachouma. Kataa kidonge kilichokatwa kwenye karatasi kikabaki bila jina na tarehe ya kuisha. Majina kwenye boksi yameandikwa kwa Kiingereza, ila yakisomwa kwa sauti yanafanana na haya tunayoandika hapa, hivyo mwombe muuzaji akusomee kwa sauti, hasa maandishi madogo yanayotaja kilichomo.

Maumivu: parasetamoli au diklofenaki

Parasetamoli inafaa miezi yote tisa, kwa dozi ndogo inayotosha na kwa siku chache. Kidonge cha miligramu 500, kimoja au viwili, kwa kila saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni ziachwe; kuanzia wiki ya 20 huweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na miezi ya mwisho huweza kuziba mapema mshipa karibu na moyo wake ambao unapaswa kubaki wazi hadi azaliwe. Mtego uko kwenye vidonge vya mchanganyiko. Vipo vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja, na vingine vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini, navyo huuzwa kama "panado kali". Aspirini ndogo ya miligramu 75 hadi 150 ambayo daktari humwandikia mama aliye hatarini kupata kifafa cha mimba ni jambo jingine kabisa. Hiyo usiiache kwa sababu ya kusoma onyo hili.

Kichwa kinachouma baada ya wiki ya 20 na parasetamoli haikitulizi ni cha kupimiwa presha kwanza.

"Una UTI na taifodi"

Hapa tunakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wajawazito wengi hupewa dawa wasizohitaji. Kipimo cha Widal, kile cha damu kinachotoa majibu ya taifodi kwa namba kama 1:80 au 1:160, kinakosea sana: mtu aliyewahi kuugua zamani, au mwenye maambukizi mengine, huonekana nayo. Mama akishaambiwa ana taifodi, dawa ya kwanza kutajwa huwa siprofloksasini, na hiyo kwa kawaida huepukwa kwenye ujauzito. Kama hakuna homa ya siku kadhaa, mwombe daktari afikirie tena kabla ya kuandika. Kama homa ipo kweli, kipimo cha kuotesha damu ndicho cha kuaminika, na zipo dawa zinazofaa, kama seftriaksoni, ambazo daktari atazichagua.

UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa upande wake ni ya kutibiwa hata isipouma, kwa kuwa huweza kupanda figoni na kuleta uchungu kabla ya wakati. Lakini nayo hutangazwa ovyo kwa sababu ya mkojo uliokusanywa vibaya: majimaji ya ukeni yakiingia kwenye kichupa, seli za usaha huonekana. Nawa mbele kwa maji, tanua, kojoa kidogo chini, kisha kinga mkojo wa katikati, na ufikishe maabara ndani ya saa moja. Mkojo uliokaa kwenye pochi tangu alfajiri umeshaota wadudu wake wenyewe.

Dawa zinazolinganishwa hapa: amoksilini na sefaleksini zinafaa mimba yote. Naitrofurantoini inafaa, ila isitumike wiki za mwisho karibu na kujifungua. Septrini haipendelewi miezi mitatu ya kwanza kwa kuwa hupingana na foliki asidi, isipokuwa mama anayeinywa kwa sababu ya VVU kwa maelekezo ya kliniki yake. Doksisaiklini na tetrasaiklini ziachwe: huingia kwenye meno na mifupa ya mtoto inayojengwa. Dozi ya siku saba imalizwe hata kama kuwashwa kumekoma siku ya pili.

Malaria: kinga na tiba

Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria chache. Ndiyo maana homa hapa isitibiwe kwa mseto (dawa ya malaria) bila kipimo. Ukimeza mseto kwa homa ya figo, umepoteza siku tatu. Hata hivyo SP inatolewa, na mama anayesafiri kwenda Morogoro, Tabora au Kanda ya Ziwa ana sababu zaidi ya kuinywa. Ni vidonge vitatu kwa pamoja, mbele ya mhudumu, kuanzia mwezi wa nne, kila mwezi, kwa kuachanisha wiki nne au zaidi. Anayetumia septrini kila siku haimezi SP. Na foliki asidi ya miligramu 5 inayouzwa famasi huidhoofisha SP. Ile ndogo iliyomo kwenye vidonge vya damu vya kliniki haina shida.

Kipimo kikionyesha malaria, kwa miaka mingi miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya kwinini, yenye kelele masikioni na kushusha sukari. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto wa ALu hata kwa miezi hiyo. Dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara sita: vya kwanza, vya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla 24. Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au uji wa karanga, la sivyo mwili hufyonza kidogo. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia. Usipoweza kukaa na dawa tumboni kabisa, ni sindano ya atesuneti hospitalini.

Damu: vidonge, juisi au udongo

Kidonge cha kliniki, kile ambacho manesi hukiita FEFO, kimoja kwa siku. Kinyesi kitakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida. Kikikuchafua roho, kinywe usiku baada ya kula. Usikiache, na kama damu iko chini usiongeze cha pili bila kuambiwa. Adui yake mkubwa mezani ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa inywewe angalau saa moja kabla au baada, la sivyo madini ya chuma hushikwa na chai yakatoka nayo. Rafiki yake yuko hapahapa Dodoma: ubuyu, wenye vitamini C inayosaidia mwili kuyafyonza. Bilauri moja ya ubuyu usio na rangi ya dukani na sukari nyingi inatosha.

Juisi ya bitiruti na ya choya ni nyekundu kwa rangi tu. Bitiruti ina chuma kidogo sana, na juisi hizi hazichukui nafasi ya kidonge. Dagaa, nyama na kunde kwenye ugali wa uwele, pamoja na mlenda, husaidia zaidi. Udongo wa kula uuzwao sokoni hufanya kinyume: hushika chuma tumboni, huleta minyoo, na unaweza kuwa na madini ya risasi. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya damu kupungua, kwa hiyo ikikushika sana itaje kliniki, wakupime. Dawa ya minyoo, mebendazoli ya miligramu 500 au albendazoli ya 400, hunywewa mara moja baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita.

Mengine, kwa ufupi

Fangasi ukeni: klotrimazoli ya kuweka, usiku sita au saba; flukonazoli ya kumeza iachwe. Kiungulia: magnesiamu ya kutafuna inafaa, ikitenganishwa na kidonge cha damu kwa saa mbili; kiungulia kikizidi, omeprazoli. Misoprostoli, ingawa ni dawa ya vidonda vya tumbo pia, hukaza mfuko wa uzazi na huweza kutoa mimba. Presha: methildopa na nifedipini zinafaa; kaptoprili, enalaprili na losartani hudhuru figo za mtoto, kwa hiyo aliyekuwa akizitumia aende abadilishiwe mara tu anapojua ana mimba. Dawa za kifafa, za akili na za VVU haziachwi ghafla kwa hofu. Mwenye sodiamu valproeti awahi kwa daktari, maana ipo inayofaa kuliko hiyo, lakini degedege la mama aliyeacha dawa linaweza kuwaua wote wawili.

Dawa ya uchungu: mitishamba au dripu

Wakunga wa jadi na bibi zetu wana mizizi ya "kuharakisha". Baadhi yake inafanya kazi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo: hakuna anayejua nguvu iliyomo kwenye kikombe, na kikishanywewa hakirudi. Uchungu hupanda bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na mfuko wa uzazi huweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Dripu ya hospitali nayo ni kali, lakini hutiririshwa kwa matone yanayohesabika, mapigo ya mtoto yanasikilizwa, na ikizidi hufungwa kwa kidole. Mama ambaye amekwisha kunywa mizizi amwambie mkunga mara tu anapofika wodini, kabla ya kuulizwa, bila kuogopa kugombezwa. Mkunga asiyejua anaweza kumtundikia dripu juu ya uchungu ambao tayari umezidi.